Michezo ya Sauti na Mtoto wa Benchi la Pili

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa watu kumi na wanne ndani ya ghala la zamani la kahawa pale Buganguzi, Muleba. Nitawataja wote, kwa sababu wengi wao bado wako hai, na kwa sababu mahali alipokaa kila mmoja pana maana katika habari hii.

Alikuwepo Mwalimu Mkuu, mwanaume mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye sikuwahi kumwona amekimbia. Alikuwepo Mwalimu Theonestina, mwenye cheti cha ualimu. Mume wake na mume wangu baba zao walikuwa ndugu. Alikuwepo Bibi Domitila, jirani wa kwetu nilikozaliwa; kibanja chake cha migomba na cha baba yangu vilitenganishwa na njia ya miguu tu. Na nilikuwepo mimi, Egidia, mwenye elimu ya darasa la nne, nimevaa viatu vya dada yangu.

Watoto walikuwa kumi. Benchi la kwanza: Muganyizi na Mugisha, ndugu wa baba mmoja, na Atugonza, binti wa fundi baiskeli. Benchi la pili: Kokugonza, mtoto wa Mwalimu Theonestina mwenyewe, katikati Kemilembe, mjukuu wa Bibi Domitila, mwisho Asimwe, binti wa katekista. Benchi la tatu: Rwegasira, Alinda na Byera, wote wa ukoo mmoja. Chini sakafuni alikaa Projestus, kwa sababu alisema hataki kukaa na mtu.

Wote walikuwa wametazama ubao, migongo yao mlangoni. Mimi nilisimama mlangoni. Mwalimu Mkuu akanipa karatasi ya majina, akasema, "Waite, Ma Egidia, wakujue."

Nikaita. Kila niliyemwita aligeuka akasema "Naam". Nilipoita Kemilembe, Kokugonza alimgusa bega, ndipo akageuka. Akashuka kwenye benchi, akapiga magoti kwenye vumbi la maganda ya kahawa, akaniamkia kwa mikono yote miwili, bila kutoa sauti.

"Umeona?" Mwalimu Mkuu aliniambia. "Huyo ameshafundwa nyumbani. Hao wengine tutawafunda sisi."

Bibi Domitila aliinamisha uso kwa furaha. Nami nilifurahi. Naomba mlikumbuke hilo bega.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana ndiyo niliyoombwa kuandika. Aliyeniomba ni Mwalimu Hidaya wa Kitendaguro, nitamfikia. Anasema ninyi mnaofundisha madarasa ya awali mnataka michezo isiyohitaji kuandaa vitu vingi. Mimi sikuwa na vitu vyovyote, kwa hiyo yote ninayoijua ni ya namna hiyo.

Niliajiriwa kama mlezi. Mlezi alifuta makamasi, alikoroga uji, aliwapeleka watoto chooni. Lakini Mwalimu Theonestina alikuwa pia na darasa la kwanza na la pili, na mtu mmoja hagawanyiki mara tatu. Baada ya wiki mbili aliniita pembeni akaniuliza, "Ma Egidia, herufi hii ni ipi?" Akaichora chini kwa kijiti.

"Hiyo ni em."

"Hapana. Hilo ni jina lake. Mtoto anahitaji sauti yake. Funga midomo, iache iunguruke: mmm. Wewe jina lako ni Egidia, lakini ukilia hutoi Egidia, unatoa sauti. Herufi nazo ni hivyo hivyo."

Nimefanya kazi hiyo mpaka magoti yakakataa, na bado sijasikia maelezo yaliyo bora kuliko hayo. Sauti ya herufi kwanza, jina lake baadaye. Halafu sauti mbili zinashikana kuwa silabi, kama mmm na a zinavyokuwa ma. Halafu silabi zinashikana kuwa neno. Mtoto akishaweza kuzishikanisha na kuzitenganisha kwa masikio, kazi ya macho kwenye ubao inakuwa ndogo. Ninasema tena: kwa masikio. Kazi hii yote iko masikioni.

Mchezo wa kwanza tuliuita Sauti ya Jina. Unatoa sauti moja tu, na kila mwenye jina linaloanza na sauti hiyo anasimama. Nikisema mmm, wanasimama Muganyizi na Mugisha. Nikisema kkk, wanasimama Kokugonza na Kemilembe. Nikisema a, wanasimama Atugonza, Asimwe na Alinda. Ndiyo maana sisahau majina. Kwangu mimi majina yalikuwa ndiyo vitabu.

Mchezo wa pili ni Simama-Kaa. Unachagua sauti ya siku, tuseme sss, halafu unataja maneno. Neno likianza na sauti hiyo wanasimama, lisipoanza wanakaa. "Sabuni!" Wanasimama. "Kuku!" Wanakaa. "Senene!" Hapo hawasimami tu, wanarukaruka na kushangilia, na Projestus anatoka sakafuni kwenda mlangoni kuangalia juu kama panzi hao watamu wameanguka kweli.

"Projestus, rudi. Ni neno tu."

"Mwalimu, kwa nini unataja kitu ambacho hujaleta?"

Mwalimu Theonestina alicheka hadi akashika ukuta.

Mchezo wa tatu ni mpira wa majani makavu ya mgomba, uliofungwa kwa kamba za mgomba huohuo. Mnakaa duara. Unaurusha ukitoa sauti, anayedaka anatoa sauti ya pili, anayefuata ya tatu, na mtoto wa nne anazishikanisha. Kkk, a, l... na Byera anapiga kelele "kalamu!" kabla ya wakati, kwa sababu Byera hakujua kungoja. Mchezo wa nne ni kuchora maduara chini kwa kijiti, ndani yake ma, me, mi, mo, mu. Unataja, wanarukia. Mvua ikinyesha maduara yanafutika, kesho mnachora mengine. Mchezo wa tano ni kikapu: unaweka kahawa, kijiko, kitana na jiwe, wao wanakuambia kipi hakianzi na sauti ya vingine.

Kuhusu Kihaya, niliambiwa na Mwalimu Mkuu nisikitumie darasani. Nilimwitikia "Ndiyo waitu", kama Wahaya tunavyomwitikia mkubwa, halafu nikakitumia. Mtoto aliyetoka nyumbani jana hajui sabuni ni nini mpaka umtajie kwa lugha ya mama yake. Sauti mmm ni ileile kwa Kihaya na kwa Kiswahili.

Basi, Kemilembe. Alikuwa hana makosa. Katika Simama-Kaa alisimama na wenzake akakaa na wenzake. Katika maduara alirukia duara lililo sahihi. Mpira ukimfikia aliupokea kwa mikono miwili, akafumbua midomo kidogo, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo mno, Kokugonza pembeni yake alikuwa tayari ameitamka kwa nguvu, nami nikasema "Vizuri, endelea." Akiulizwa alitabasamu na kuinamisha kichwa. Mtoto wa kike wa kwetu hapayuki mbele ya wakubwa. Mama yangu alinilea hivyo, nami niliwalea wangu hivyo. Tulipomwona mtoto asiyejibu kwa sauti, asiyeuliza, anayetazama wenzake kabla ya kutenda, tulisema ana adabu. Hatukuwa na neno jingine la kumpa.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichonikera kwake. Alikuwa ananikodolea macho. Nikisema naye, alinitazama mdomoni bila kupepesa. Kwetu hilo halifai. Nilimshika kidevu nikamshusha uso. "Kemilembe, mkubwa hatazamwi hivyo." Siku ya pili tena. Siku ya tatu tena. Bibi Domitila naye alimkanya nyumbani. Baada ya muda akaacha. Akawa anatazama chini kama tulivyotaka, na wakati wa michezo anatazama magoti ya Kokugonza, ajue lini yatanyooka.

Mimi ndiye niliyemshusha kidevu, kwa mkono huu ninaoandikia.

Mwaka ule alikuja mkaguzi, mmoja wa wale ambao siku hizi wanaitwa wathibiti ubora. Alikaa nyuma ya darasa akitazama Simama-Kaa. Alipomaliza alimwambia Mwalimu Mkuu, "Huyu mlezi wako hana karatasi, lakini darasa lake linasimama kama askari." Halafu akanyoosha kidole benchi la pili. "Na yule binti wa katikati, ninyi mmemfundisha hata kukaa."

Tulipiga makofi. Bibi Domitila alipopata habari aliniletea mkungu wa ndizi na kamfuko ka kahawa ya kutafuna. Kemilembe akapandishwa darasa la kwanza pamoja na Kokugonza na wenzao wote, na mimi nikaweka alama ya vema mbele ya jina lake: anatambua sauti, anaunganisha silabi. Niliiweka kwa kalamu ya wino.

Miaka miwili baadaye shule ililetewa mwalimu wa awali mwenye cheti, na mlezi hakuhitajika tena. Mratibu wa Elimu wa Kata alinionea huruma. "Ma Egidia, Ngenge hawana mtu kabisa. Ukienda utapokelewa." Nikaenda Ngenge. Ni Muleba hiyohiyo, lakini kwa mtu wa migombani ni kama nchi nyingine: pakavu, wakulima huku, wafugaji kule, na darasa letu lilikuwa nguzo sita na bati.

Mwalimu Mkuu Msaidizi wa pale alinipokea kwa kunionyesha mikono mitupu. "Mama, vitabu havijafika. Wewe umekuja na nini?"

"Wao wana miguu, na udongo upo."

"Basi umekuja na vingi," akasema, akaondoka kwenda kwenye darasa lake la watoto tisini.

Siku ya tatu akaja mwanamke mmoja, mke wa mfugaji, anaitwa Mama Justa, kamshika binti yake mkono. Hakuzungusha maneno. Alisema mbele ya watoto wote, "Mwalimu, huyu sikio lake moja limekufa, na la pili linasikia kidogo. Lilitoka usaha akiwa mdogo. Umkalishe mbele, na ukisema naye umtazame, anasoma midomo."

Niliona haya kwa niaba yake. Nikajiuliza, mama gani anamtangaza mwanawe hivi? Lakini nikamkalisha Justa mbele.

Tulianza Simama-Kaa. Sauti ya siku ilikuwa mmm. Nikasema "Maji!" Watoto wakasimama, na Justa akasimama. Nikasema "Jembe!" Wakakaa, naye akakaa. Hakukosea hata mara moja. Nikataka kumwambia mama yake kwamba mtoto wake anasikia vizuri tu. Halafu nikatazama tena. Justa alisimama baada ya wenzake kidogo tu, muda wa kupepesa jicho. Na kabla ya kusimama alitazama magoti ya mwenzake.

Sikumaliza somo. Nilikaa kwenye jiwe. Watoto wakadhani ni sehemu ya mchezo, nao wakakaa.

Siku ileile niliutunga mchezo wa sita, nao ndio ninaotaka mwanze nao, kabla ya ile mitano. Unaitwa Mgongo. Mtoto mmoja anasimama peke yake, amekupa mgongo, hakuna mwenzake mbele yake wala pembeni. Unanong'ona sauti, halafu silabi, halafu neno, halafu jina lake. Akisikia anainua mkono. Hakuna cha kuandaa, hata kijiti. Darasa la watoto kumi linamalizika kabla uji haujapoa. Ningeujua siku ile mlangoni pale ghalani, nisingekuwa na habari ya kuwaandikia.

Nilingoja likizo nikarudi Buganguzi. Kemilembe alikuwa darasa la tatu. Nilimkuta amekaa nyuma kabisa, kwa sababu alikuwa mrefu na hakuwa na fujo. Wenye fujo ndio wanaowekwa mbele. Mwalimu wa darasa aliniambia kwamba ni mtoto wa kiburi. "Nikisoma imla anaandika maneno ya jirani, au haandiki. Nikimuuliza anatazama chini. Nimemchapa, halii wala hajibu." Nikaomba daftari lake. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wangu. Alichonakili ubaoni kilikuwa sahihi, kila nukta. Nikamwonyesha neno moja alilolinakili yeye mwenyewe, nikamwuliza ni nini. Alitabasamu akainamisha kichwa.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu, yuleyule. Nikamwambia.

"Ma Egidia," alisema taratibu, "si wewe uliyemweka vema?"

"Ni mimi waitu."

"Na mkaguzi akampongeza."

"Ndiyo."

"Sasa unataka niandike kwamba sisi sote hatukuona?"

"Ninataka apelekwe hospitali."

Hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia. Akasema, "Wewe ni mlezi, si daktari. Lakini bibi yake akikubali, mimi nitaandika barua."

Tukaenda pamoja kwa Bibi Domitila. Ilikuwa asubuhi, Kemilembe alikuwa anafagia majani chini ya migomba, ametupa mgongo. Bibi Domitila alitukaribisha, akatuletea kahawa za kutafuna kama kawaida. Nilipoeleza, uso wake ulibadilika.

"Wewe mwana wa jirani yangu, umekuja kwangu kumwita mjukuu wangu kiziwi? Huyu aliyesifiwa na mkaguzi?"

"Mama, sijaja kumtukana."

"Huyu ananielewa kila siku. Ninamtuma maji, anakwenda. Ninamtuma kuni, anakwenda."

"Unapomtuma unakuwa wapi?"

"Niko naye. Ninamgusa, ninamwonyesha..."

Nikasema, "Mama, mwite sasa hivi, ukiwa hapo ulipokaa."

Bibi Domitila akaita, "Kemilembe." Ufagio uliendelea. Akaita kwa nguvu zaidi, na kuku wakakimbia. Ufagio uliendelea. Mara ya tatu alipiga kelele mpaka jirani akatokea njiani kuuliza kuna msiba gani, na mtoto yule aliendelea kufagia, majani yake yamekaa mstari mmoja, safi kabisa.

"Mawe," alisema Bibi Domitila, yaani "mama yangu" kwa Kihaya.

Tulimpeleka Bukoba hospitalini. Daktari alimpima, akatueleza polepole kama wazazi wake. Sikio moja halina kitu, la pili lina mabaki. Akasema angeletwa akiwa na miaka minne au mitano, mabaki yale yangeweza kusaidiwa, angefundishwa kusoma midomo na kujifunza maneno kwa macho. "Alikuwa na dalili gani?" akauliza. "Hakuwa anawatazama sana midomoni?"

Nikamwambia, "Alikuwa anatutazama."

"Mkafanyaje?"

Bibi Domitila akajibu kabla yangu. "Tulimkataza."

Daktari akaandika barua ya shule yenye darasa la watoto wasiosikia. Ilikuwa mbali, ya kulala hukohuko. Jibu lilichukua muda mrefu kuja, na lilipokuja lilisema nafasi zimejaa, tungoje mwaka ujao. Mwaka uliofuata Bibi Domitila aliugua miguu, na aliyemhudumia ni Kemilembe. Nikamwambia nitamchukua mtoto nimpeleke mwenyewe. Akaniambia, "Egidia, kule nani atamwelewa? Hapa angalau mimi ninamgusa." Hapo nilipotakiwa kuwa mkali nilikuwa na adabu. Nilirudi Ngenge. Kemilembe aliishia darasa la nne. Siku ya mtihani, niliambiwa, alinakili maswali yote kwenye karatasi ya majibu, kwa mwandiko mzuri.

Ngenge nilikaa mpaka mume wangu alipofariki. Justa alijifunza kusoma. Kila siku nilimtazama usoni, naye akanitazama mdomoni, na yeyote aliyemwambia ashushe macho nilimfukuza darasani, akiwa mkubwa au mdogo. Watu wananiambia, "Si unaona, ulimwokoa mmoja." Ninawasikia. Lakini Justa aliokolewa na mama yake, aliyesema kwa sauti. Mimi nilimkalisha tu mbele.

Baada ya hapo nilihamia kwa binti yangu Kitendaguro, Bukoba mjini, nikapata kazi kwenye kituo cha watoto wadogo. Mwenye kituo tulimwita Mkurugenzi. Kulikuwa na picha za herufi ukutani, na spika inayoimba herufi kwa Kiingereza, watoto wakiitikia wote kwa pamoja kutoka asubuhi mpaka uji. Walikuwa arobaini na watano kwenye chumba kimoja. Siku moja niliwatoa nje kucheza Mgongo, mmoja mmoja. Mkurugenzi akaniita.

"Bibi, wale arobaini na wanne wengine wanafanya nini?"

"Wanangoja zamu."

"Wazazi wakipita hapo getini wanataka kuona watoto wameinamia daftari. Wakiona mtoto kasimama peke yake katazama ukuta, watasema tumempa adhabu."

"Waelezeni."

"Waelezwe na nani? Wewe mwenyewe unawajua wazazi wa mjini. Warudishe ndani, waimbe."

Nikawarudisha ndani, wakaimba. Nilikuwa nimezeeka, nilimhitaji Mkurugenzi kuliko yeye alivyonihitaji. Lakini nilisimama pembeni nikiwatazama magoti na midomo. Mtoto akiwa mmoja kati ya arobaini na watano wanaoitikia pamoja, hakuna mtu duniani anayeweza kujua kama naye anaitikia. Nilidhani niliona wawili. Sikupata nafasi ya kuhakikisha. Majina yao ninayo, nimempa Mwalimu Hidaya. Alisema walishahamia shule nyingine.

Huyu Hidaya ni binti wa mjini hapa, mwalimu kijana, ndiye pekee aliyeniuliza kwa nini ninatazama magoti. Nilipomweleza aliacha kula chapati yake. "Bibi, haya uyaandike," akasema. "Andika na michezo yote." Nikamwambia michezo ni rahisi kuandika. Akasema, "Basi anza na hiyo, na hilo jingine litafuata."

Limefuata, mnaliona.

Nimestaafu sasa, kama mtu asiye na barua ya kuajiriwa anaweza kusema amestaafu. Msimu uliopita wa senene nilikwenda Buganguzi kuzika, nikapita kwa Kemilembe. Anaishi kwenye kibanja cha bibi yake, peke yake. Bibi Domitila alishakufa. Nilipofika alikuwa anamenya ndizi, akaniona, akaacha kisu, akapiga magoti na kuniamkia kwa mikono yote miwili. Mtu mzima yule, ana mvi chache hapa mbele. Nilitaka kumwinua nikashindwa, magoti yangu hayaruhusu.

Akaingia ndani akatoka na simu. Kulikuwa na ujumbe. Alininyooshea niusome. Ulikuwa wa zahanati, ulikuwa umekuja siku nyingi kidogo zilizopita: ulimtaka arudi kwa ajili ya majibu ya vipimo vyake, asichelewe. Nilimshika uso, nikamwinua kidevu, nikamsomea polepole, neno kwa neno, nikifumbua midomo kwa upana kama tulivyofanya mimi na Justa. Alinitazama mdomoni muda mfupi tu. Halafu macho yake yakashuka yenyewe. Yalishazoea.

Alipoona nimemaliza, alitabasamu akainamisha kichwa.

Nilimpeleka zahanati mwenyewe, tukiwa tumeshikana mikono. Muuguzi alisema, "Tulimtumia ujumbe mara tatu huyu. Mbona hakuja?" Alisema hivyo akinitazama mimi. Kemilembe alikuwa ameketi kwenye benchi, katikati ya wanawake wawili, na wao waliposimama kusogea, naye alisimama.

Ninyi mtakaotumia michezo hii, itumieni, inafaa. Senene watawafurahisha watoto wenu kama walivyowafurahisha wangu. Lakini mtoto asiyewasumbua ndiye mwanze naye, mgongo kwanza.

Na wale tuliokuwa pamoja ghalani siku ile ya kwanza, kama karatasi hizi zitawafikia: Muganyizi, Mugisha, Atugonza, Asimwe, Rwegasira, Alinda, Byera, Projestus, na wewe hasa Kokugonza. Mimi ni mzee, na kichwa cha mzee huchanganya mambo. Kama nimekosea nani alikaa wapi, nisahihisheni. Kama mabenchi yalikuwa manne nikasema matatu, au kama nimempa mtu ukoo usio wake, semeni. Na Kokugonza, kama unakumbuka kwamba nilipomwita aligeuka mwenyewe, kabla hujamgusa bega, njoo uniambie kwamba nimekumbuka vibaya. Njoo hata kesho. Nipo kwa binti yangu Kitendaguro, sitoki.